Kuacha sukari ili upungue: anza kwa kuandika tarehe kwenye mfuko

Siku unapofungua kilo ya sukari, chukua kalamu uandike tarehe kwenye mfuko. Usibadilishe kitu. Chai inywewe kama siku zote, uji wa watoto utiwe kama siku zote, juisi ya Jumapili itengenezwe kama siku zote. Mfuko ukiisha, gawanya gramu 1,000 kwa siku ulizokaa, kisha gawanya tena kwa idadi ya watu wa nyumba. Nyumba ya watu wanne inayomaliza kilo kwa siku tano inatumia gramu 50 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hazimo soda ya kazini, biskuti za mwanafunzi wala chai ya kwa mama ntilie.

Bila namba hiyo, swali la kama kuacha sukari kunapunguza uzito halijibiki. Gramu moja ya sukari ina kalori 4 (tunasema kalori kama watu wanavyosema, kwenye pakiti zinaandikwa kcal). Mtu wa gramu 50 akiziacha zote anaondoa kalori 200 kwa siku. Mtu wa gramu 10 anaondoa kalori 40, yaani theluthi ya kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia. Huyu wa pili akiacha sukari miezi mitatu na asione cha maana kwenye mizani, mwili wake hauna ubishi wowote. Hakuwa na kikubwa cha kuacha.

Kwa kulinganisha tu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unapendekeza ishuke hata chini ya asilimia 5. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Katika hesabu hiyo imo sukari ya mezani, ya viwandani, asali, na sukari ya juisi, hata juisi uliyokamua mwenyewe. Sukari iliyo ndani ya tunda zima na ile ya asili ya maziwa hazimo.

Sasa kijiko. Vitabu husema kijiko cha chai kina gramu 4 za sukari, na ni kweli kikiwa kimesawazishwa kwa kisu. Lakini nani anasawazisha? Kijiko cha mezani huchotwa kikapanda kilima, na nyumba nyingi hazina hata hicho kidogo. Kinachokaa kwenye bakuli la sukari ni kile cha kulia wali. Kama huna mizani ya jikoni, nunua robo kilo, mimina kwenye bakuli, kisha ihamishe yote kwenye bakuli lingine kwa kijiko chako, kwa namna ileile unayochota ukiwa na haraka ya kwenda kazini. Hesabu. Ukipata vijiko 36, kijiko chako kina gramu 7. Vijiko vitatu vya namna hiyo kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 84, sawa na kalori 336. Na mtu huyu ukimuuliza atakwambia kwa moyo mweupe kwamba yeye si mlaji wa vitu vitamu.

Pagumu zaidi ni pale sukari inapotiwa jikoni, ndani ya sufuria, kabla chai haijaingia kwenye chupa. Hapo hakuna anayejua anakunywa kiasi gani, na mtu mmoja apendaye chai tamu anaamua kwa niaba ya nyumba nzima. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu kuacha chochote: toa sukari kwenye sufuria, iweke mezani, kila mtu ajitilie. Hatua hiyo peke yake huurefusha mfuko kwa siku kadhaa, maana watoto na wageni wengi hutia pungufu ya ulivyokuwa unawatilia. Uji fanya vivyo hivyo.

Turudi kwenye uzito. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliokusanya majaribio mengi kwa ajili ya mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani. Watu wazima walioambiwa wapunguze sukari, bila kupangiwa kiasi cha chakula kingine, walipungua wastani wa kilo 0.8. Walioongezewa sukari waliongezeka karibu kiasi hichohicho. Jambo la tatu ndilo watu hulisahau: pale sukari ilipoondolewa na nafasi yake ikajazwa na wanga mwingine wenye kalori zilezile, uzito haukubadilika. Marekani, Chuo Kikuu cha Duke, walikwisha kuonyesha jambo hilo mwaka 1997. Wanawake waliwekwa kwenye mlo wa kalori kama 1,100 kwa siku kwa wiki sita. Kundi moja lilipata asilimia 43 ya nishati yake kutokana na sukari, jingine asilimia 4 tu. Makundi yote mawili yalipungua karibu kilo 7.

Kwa hiyo sukari haina uchawi wa kunenepesha unaozidi kalori zake. Ina ujanja mwingine: ikiwa kwenye kinywaji, tumbo haliihesabu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliwapa watu 15 kalori 450 za ziada kila siku, wiki nne kwa njia ya peremende laini na wiki nne kwa njia ya soda. Walipokula peremende, walipunguza chakula kingine bila kuambiwa. Walipokunywa soda, hawakupunguza kitu. Kalori 450 zilikaa juu ya chakula chao cha kawaida. Na huko Uholanzi, watoto 641 walipewa kila siku kinywaji cha mililita 250, nusu yao chenye sukari (kalori 104), nusu kisicho na sukari, bila wao kujua kipi ni kipi. Baada ya miezi 18, waliopata kisicho na sukari walikuwa wameongezeka pungufu kwa kilo 1 hivi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2012.

Ndiyo maana sisi huanza na vinywaji, na kama mtu ana nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu, tunamwambia abaki hapohapo. Soda za kawaida zina gramu 10 hadi 13 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hadi 39. Ya plastiki ya nusu lita, gramu 50 hadi 65, na hiyo ni posho ya siku nzima na zaidi kwa mkupuo mmoja. Juisi ya nyumbani haina nafuu. Jagi la lita moja la pasheni au ukwaju likitiwa gramu 120 za sukari (na ukali wa matunda hayo huzidai), glasi ya mililita 250 inatoka na gramu 30 kabla hujahesabu sukari ya tunda lenyewe. Juisi ya miwa ni sukari iliyo njiani kwenda kiwandani. Dafu lina sukari chini ya nusu ya soda, kwa hiyo moja kwa siku si kesi, ila usilinywe kama maji.

Andazi, kwa upande wake, linalaumiwa kwa kosa ambalo silo lake. Chukua andazi lenye unga gramu 40, sukari gramu 6, na mafuta gramu 6 lililoyanywa kwenye karai. Unga ni kalori 144, mafuta 54, sukari 24. Jumla 222. Ukilipika bila sukari hata chembe umeokoa kalori 24, na kwa kuwa sasa "halina sukari", utakula matatu badala ya mawili. Vitumbua ni hivyohivyo. Chapati haina sukari kabisa na bado ni mojawapo ya vitu vizito zaidi mezani, kwa sababu ya unga na mafuta yanayopakwa kila inapokunjwa. Kaimati ndizo zenye kesi mbili: mafuta ya karai, kisha shira.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Mtu anatoa kalori 250 za sukari kwenye chai, ifikapo saa nne asubuhi tumbo linauma njaa, anaongeza chapati. Au anaanza kubeba karanga mfukoni, kwa kuwa karanga ni "asili". Gramu 100 za karanga za kukaanga zina kalori karibu 600. Konzi moja ya gramu 30 haina neno. Pakiti nzima ya gramu 100 imerudisha sukari yote ya siku mbili. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet hesabu inayosema kwamba kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, zikidumu, huishia kuwa kilo 1, nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hesabu hiyo kalori 240 zingeondoa kilo 5 mwaka huu. Lakini majaribio yale waliyoyakusanya watafiti wa New Zealand yalitoa kilo 0.8. Sehemu ya tofauti ni kwamba majaribio mengi yalikuwa ya wiki au miezi michache. Sehemu nyingine imo kwenye chapati ya saa nne.

Tiba yake ni kuipanga asubuhi mapema. Unapotoa sukari kwenye chai, tia yai moja la kuchemsha (kalori 70 na kidogo) au kikombe kidogo cha maharage, na uache kile cha ngano kimoja ulichozoea, siyo viwili. Protini hukaa tumboni. Anayebaki na chai kavu kwa sababu "yuko kwenye diet" atalipa kabla ya mchana.

Kupunguza chenyewe kuna namna mbili. Wapo wanaokata siku moja, wakavumilia siku kumi za chai isiyonyweka, wakazoea. Wengi hawafiki siku ya nne. Namna inayoshika ni kushuka nusu kijiko kwa kila kikombe kila wiki: kutoka vijiko vitatu hadi sifuri ni wiki sita. Ulimi hubadilika; baada ya miezi miwili hivi ile chai ya zamani utaiona kama sirapu. Ukigoma kwenye nusu kijiko, baki hapo. Nusu kijiko cha gramu 7 mara vikombe vinne ni gramu 14, kalori 56, na hakuna sababu ya kujitesa kwa ajili ya hizo.

Lakini usipunguze sukari kwenye chai mbaya. Majani yakichemshwa muda mrefu hutoa ukakasi, na ukakasi ndio unaoita sukari. Chemsha maji na tangawizi iliyopondwa, kipande kama kidole gumba, iliki nne na kijiti cha mdalasini kwa dakika kumi. Zima moto. Hapo ndipo utie majani, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe vitatu, funika dakika nne, chuja. Mchaichai nao unafaa. Chai ya maziwa huvumilia kukosa sukari kuliko ya rangi, kwa kuwa maziwa yana utamu wake. Kahawa chungu ya pwani haijawahi kudai sukari. Tatizo lake ni kashata inayokuja nayo.

Asali. Kila mara kuna mtu anayehamia kwenye asali akidhani ameacha sukari. Kijiko cha chakula cha asali kina gramu 21, na ndani yake gramu 17 ni sukari, kalori 64. Sukari guru na ile ya rangi ya kahawia hazipishani na nyeupe kwa kalori za kuzungumzia. Tende ni tunda na lina nyuzinyuzi, sawa, lakini tatu ndogo zina sukari kama gramu 15. Mwezi wa Ramadhani tende tatu na maji ni mwanzo mzuri wa futari. Jagi la juisi, kaimati na tambi za sukari zinazofuata ndizo zinazomfanya mtu aliyefunga siku 30 amalize mwezi akiwa na kilo za ziada.

Soda zisizo na sukari zina maneno mengi. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, isipokuwa ushauri huo hauwagusi wenye kisukari tayari. Wakati huohuo, watoto wa Uholanzi waliongezeka pungufu kwa kinywaji cha namna hiyo. Tunavyoona sisi, ni daraja: anayekunywa soda mbili kwa siku na hawezi kuruka moja kwa moja kwenye maji anaweza kupita hapo kwa wiki kadhaa, kisha aendelee na safari.

Kwenye pakiti, soma safu ya gramu 100 au mililita 100, kwa kuwa safu ya "kipimo kimoja" huamuliwa na mtengenezaji. Mtindi wenye ladha ulioandikwa sukari gramu 12: maziwa yenyewe yana kama 5, kwa hiyo 7 zimeongezwa, na kikombe cha gramu 250 kina 17 au 18 za kuongezwa. Maneno "haikuongezwa sukari" kwenye juisi hayamaanishi haina. Juisi ya chungwa tupu ina gramu 8 hadi 10 kwa mililita 100. Kula chungwa lenyewe. Glasi moja inahitaji machungwa matatu au manne, na hakuna anayekaa akala manne mfululizo, labda awe chini ya mchungwa huko Muheza.

Ugenini ni somo jingine. Kukataa soda kwa watu ni kama kukataa ukarimu wao, na ikishafunguliwa imeshakuwa yako. Wahi: omba maji mtoto kabla hajatumwa dukani. Kwenye harusi na misiba, ipokee, iweke mbele yako, nywa nusu. Siku moja ya namna hiyo kwa mwezi haiharibu kitu.

Kuumwa kichwa siku za mwanzo watu husema "ni sukari inatoka mwilini". Mara nyingi ni kafeini. Ameacha chai yenyewe pamoja na sukari, au soda nyeusi, na mwili unadai kafeini iliyokatwa ghafla. Huanza ndani ya siku ya kwanza au ya pili na huisha ndani ya wiki hivi. Kunywa chai yako, bila sukari.

Mizani nayo hudanganya, hasa wiki ya kwanza. Anayeacha sukari na papo hapo akapunguza ugali na wali hupungua kilo moja au mbili haraka sana, kwa kuwa akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, kama gramu 3 za maji kwa kila gramu ya akiba. Maji hayo yanarudi siku ya pilau. Pima asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, andika wastani, na linganisha wiki hii na ya mwezi uliopita, si jana na leo. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kiuno hakiyumbishwi na maji kama mizani.

Kuna watu ambao wasianze haya peke yao. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya glibenclamide akipunguza sukari na wanga bila dozi kuangaliwa, sukari ya damu inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Aongee na daktari kwanza. Na ikitokea imeshuka, akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari kwenye maji, yaani vijiko vya chai vinne vilivyosawazishwa, apimwe tena baada ya dakika 15. Kwa hiyo katika nyumba kama hiyo sukari isikosekane kabatini, hata kama hakuna anayeitia kwenye chai.

Baada ya wiki sita fungua mfuko mpya, andika tarehe. Uliokuwa ukiisha kwa siku tano sasa ukafika kumi na mbili, mmeshuka kutoka gramu 50 hadi 21 kwa mtu. Mfuko ukidumu hivyo na kiuno kisisogee mwezi wa pili wala wa tatu, ichukue kalamu ileile uandike tarehe kwenye dumu la mafuta. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000, yaani kilo mbili za sukari.